Nilifuata spika mpya za kompyuta Masasi, nikarudi Newala na amplifaya ya spika za marehemu baba

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, leo nimejikaza niandike. Ninachosimulia kilinipata mwenyewe, chumvi sijatia. Mwandiko mtanivumilia, darasani sikufika mbali.

Nipo Newala. Nina kompyuta ya mezani, mtumba, nawajazia watu nyimbo kwenye flash na memory card. Ndoto yangu ni kufungua studio. Chekeni tu, nimeshazoea.

Sasa mwaka ule Zuhura, mtoto wa dada yangu, alikuwa unyagoni. Kwetu mjomba ana nafasi yake. Siku mwali anatoka, watu wanatazama mjomba kaja na nini. Na Zuhura hana mjomba mwingine, ni mimi tu.

Kwa domo langu nikatangaza mtaa mzima kwamba mwali wangu atatoka na muziki.

Muziki wenyewe sina.

Nyumbani kulikuwa na spika mbili kubwa za mbao za marehemu baba. Alizinunua ule msimu wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini wakigombea korosho. Redio yake ilikufa zamani, zikabaki spika. Nikaunga waya zake kwenye kompyuta, nikapandisha sauti mpaka mwisho.

Nikasikia kitu kama mbu ndani ya chupa.

Washkaji wakagawanyika. Hawa wanasema nunua sabufa mpya ya kompyuta, ina taa na rimoti. Wale wanasema tafuta amplifaya ya hizo za zamani. Uwezo wangu ulikuwa wa kimoja tu. Nisiwafiche wakuu, moyo wangu ulikuwa kwenye zile taa.

Mama akasema, "Nenda na hizi za baba yako, fundi aziangalie kwanza. Zikishindikana, basi."

Hapa niwaeleze kitu wasioijua Newala. Maji kwetu ni shida, kiangazi ndoo moja ni mali. Ndoo haiwekwi chini ovyo, inawekwa juu, mbali na mbuzi. Na tangu baba afariki, pale juu palikuwa ndiyo hizo spika! Miaka yote zimebeba ndoo za maji.

Nikateremsha ndoo, nikazifunga spika kwa khanga mbili za mama kwa sababu ya vumbi la njiani, huyoo Masasi.

Fundi ni mtu mzima, ana duka, anauza na kutengeneza. Nikampa shikamoo, akaitikia, akafungua khanga. Akagusa mbao, akanitazama.

"Kijana, umetoka Newala kweli?"

"Ndiyo, fundi."

"Newala hamna maji, spika zenu zimelowa. Mliyatoa wapi?"

Duka zima likacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Nikamwambia basi nipe ile sabufa mpya ya taa. Akaiwasha. Wakuu, besi ilinitikisa kifua! Nikaanza kutoa hela.

Akanishika mkono. "Utapigia wapi?"

"Uwanjani, mwali anatoka."

"Tuitoe nje basi."

Tukaitoa hadi barazani, akaniambia nivuke barabara. Kufika upande wa pili, naona taa zinacheza, sauti siisikii.

Niliporudi akasema, "Dukani kuna kuta, zinaisaidia. Uwanjani kwenu kuna kuta?"

Nikarudisha hela mfukoni. Angeweza kuniuzia akanyamaza, nisingejua mpaka siku yenyewe.

Akazifungua za baba. Mbao zilivimba kwa chini tu, sumaku nzima, ila mipira ya pembeni ilioza. Akazianika juani, akabandika mipira mipya, akanichagulia amplifaya inayoendana nazo. Nililala kwa jamaa yangu siku mbili nikisubiri. Waya mrefu akaniongezea bure, akasema, "Huo ni wa mwali."

Nikarudi naimba.

Kufika nyumbani, mama hanitazami.

Zile ndoo nilizoziacha chini, mbuzi wa jirani aliingia akaziangusha. Zote mbili. Nilifikiria spika, nikasahau kwamba nimeondoa na meza ya maji. Siku ile mama alipikia maji aliyopewa na Mama Asha, jirani, kutoka kwenye kisima chake cha mvua, nacho kilikuwa kinakaribia kukauka.

"Kwa hiyo tutakunywa muziki?" mama akaniuliza.

Sikuwasha kitu. Nikaazima nyundo, nikaokota mabanzi, nikagonga kichanja cha ndoo. Kimepinda kidogo lakini kinasimama. Kisha nikachukua baiskeli nikatafuta maji, nikampelekea na Mama Asha yake.

Mama akakitikisa kile kichanja kwa mkono, akaweka ndoo ya kwanza, akaweka ya pili.

"Haya, washa nisikie."

Siku ya mwali nilipanga mitambo mapema. Vijana wakinipita wananitupia, "Mjomba wa maneno, leo tutakuona!"

Mara nyakanga, yule mama mkuu wa unyago, akanijia. "Mashine yako inyamaze. Mwali anatoka kwa ngoma."

Nikazima, nikakaa juu ya ndoo tupu. Ngoma zikapigwa, Zuhura akatoka, kajifunika khanga, anang'aa mafuta. Akina mama wakaimba muda mrefu. Nikasema moyoni basi, hata wasiponiita, mtoto katoka salama.

Ngoma zikatulia. Nyakanga akapaza sauti mbele ya watu wote:

"Mjomba wa mwali yuko wapi? Awashe!"

Nikawasha. Machozi yananitoka, na sioni aibu kuyaandika. Mpaka barabara kuu walisikia. Dada yangu alicheza mpaka kilemba kikadondoka.

Nilichojifunza: kitu cha kupigia nje, kakisikilizie nje kabla hujalipa. Na ukiondoa kitu nyumbani, tazama kwanza kilikuwa kimebeba nini.

Yule fundi namwombea kila nikiwasha. Mama Asha pia.

Sasa mafundi wa humu: spika ya kulia inaunguruma kidogo nikipandisha sauti. Ni waya au ni mpira? Na wewe uliyewahi kuzuiwa na muuzaji usinunue kitu, hebu tuhadithie.