Asali Jichoni

Asubuhi ya kuondoka kwangu nilimtungia mama sindano saba. Alikuwa akishona kofia za viua, zile zenye nakshi ya vitundu vidogo, nyumbani kwetu Bwiza, mjini Bujumbura, na macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo kazi ya kupitisha uzi tunduni ilikuwa yangu tangu utotoni. Nilizichomeka zote kwenye kimto chake.

"Zikiisha utakuwa umerudi," alisema.

Nilikuwa askari, na kikosi chetu kilikuwa kinapelekwa Somalia.

Miezi mitano baadaye gari letu lilikanyaga bomu lililotegwa barabarani.

Nakumbuka mchanga. Mlio sikuusikia.

Nilijishika uso, umelowa. Mwenzangu akanikamata mikono.

"Apana sugua. Macho, apana sugua."

Nilirudishwa Bujumbura, nikalazwa hospitali. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilichanika ile ngozi angavu ya mbele inayopitisha mwanga. Daktari aliishona, akasema litaona, mradi bandeji isifunguliwe na mtu mwingine. Nikaling'ang'ania neno hilo, litaona.

Mama alikuwa akilala sakafuni kando ya kitanda changu. Kila alfajiri, akishaswali, aliifunua bandeji kwa vidole vyake vya ushonaji, akanidondoshea asali na kunisomea Fatiha.

"Mama, dokta alisema apana fungua."

"We mutoto, tulia. Mi nilikuponya macho huyu dokta bado anatambaa."

Ni kweli, nilipokuwa mchanga aliniponya hivyohivyo. Basi nikatulia. Nusu ya kosa ni yangu.

Siku ya sita jicho likaanza kuuma, kisha likatoa usaha. Mama alikuwa ametoka kwenda kuswali adhuhuri daktari alipouliza nani amefungua bandeji.

"Ni mi, dokta. Ilikuwa inawasha."

Aliandika.

Likabaki kovu jeupe. Natofautisha mlango na ukuta, na mtu akisimama karibu naona kivuli chake. Nilimkasirikia mama kimyakimya, siku nyingi. Kisha hasira ikaisha, wala hakikuja kitu kingine mahali pake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku hizi sindano anatungiwa na mke wa jirani. Wageni wakija, mama huwasimulia.

"Jicho ya kuume ilikufa juu mi sikukuwa kule. Hii ya kushoto, asali ndiyo iliokoa."

Kisha hunigeukia. "Si ni vile?"

"Ni vile, mama."