Chaki ya Mshonaji

Kila baada ya vita kwenye mchezo wa simu tunaoucheza pamoja, mshonaji wa mtaa wetu hapa Maracaibo huvua subana kidoleni, akafungua ripoti na kuandika hasara za askari kwa chaki kwenye kitambaa chakavu. Jana Edilberto, kiongozi wa muungano wetu, aliingia dukani kwake uso umemshuka.

“Mama, bajas laki tisa! Tumekwisha. Barua ya kusalimu amri nimeshaiandika, bado kuituma tu.”

Kwetu neno hilo bajas hubeba wafu na majeruhi pamoja. Mdomo wa mshonaji ulikuwa umejaa pini. Alichora mstari katikati ya kitambaa: huku majeruhi, watakaopona hospitalini na kurudi vitani, laki nane na nusu, huku wafu, elfu hamsini tu. Chini akaandika wafu wa wapinzani, ambao hospitali yao ilijaa na majeruhi waliokosa nafasi wakafa: laki sita. Edilberto alishusha pumzi ndefu, akajibwaga kwenye rundo la nguo.

Mshonaji akatoa pini mdomoni, moja moja.

“Umewalilia watu waliolazwa, mwanangu. Futa hiyo barua. Halafu inuka, umekalia gauni la bibi harusi.”