Maji ya Mlangoni

Nilipokuwa mtoto, hakuna aliyeingia nyumbani kwetu Kibuli, Kampala, moja kwa moja kutoka barabarani kama ndani kulikuwa na mtu mwenye kidonda. Mwanamke aliyejifungua, mvulana aliyetoka kutahiriwa, mtu aliyeungua na mafuta ya kupikia: wote hao, kwa imani ya bibi yangu, walikuwa na mlango mwilini, na mlango huo ulikuwa wazi. Upepo wa nje ungeweza kuingia. Hakuwa akisema juu ya upepo unaotikisa mabati. Alikuwa akisema juu ya kitu kinachoganda kwenye mikono na miguu ya mtu aliyetoka safarini, au sokoni kwenye nyama, au, kibaya kuliko vyote, makaburini.

Sisi ni Wanubi. Bibi tulimwita Haboba, kama Wanubi wanavyowaita bibi zao, na majirani wote wakamwita hivyo hivyo, hata Waganda na Wakenya. Kanuni yake ilikuwa fupi. Mgeni aketi barazani mpaka jasho likauke. Anawe mikono hadi viwiko, anawe na miguu. Kisha asimame juu ya chetezo cha ubani, moshi umpande ndani ya nguo. Ndipo aingie.

Naandika haya asubuhi, nimesimama. Siku hizi siwezi kukaa mahali pamoja. Naandika mistari michache kwenye meza ya jikoni, naenda dirishani, narudi, nanawa mikono. Beseni bado liko barazani kwangu, na sabuni iko juu ya kigoda kando yake, ingawa mke wangu Hanifa, aliyefanya viwekwe pale, hayupo tena.

Niendelee na Haboba.

Ilikuwa miaka ya kwanza baada ya vita vya themanini na sita, watu wakirudi kutoka walikokimbilia, nasi tukiwa miongoni mwao. Baba alikuwa amepata kazi ya kuendesha lori la mizigo kati ya Kampala na Malaba. Lori likapinduka kwenye kona, na muundi wa mguu wake wa kushoto ukavunjika, mfupa ukatoka nje. Hospitalini walimnyoosha, wakamfunga gango na kuacha kidonda wazi pembeni, kisha walipohitaji kitanda chake wakamleta kwetu. Kidonda, walisema, kifungwe upya kila siku, nyumbani.

Haboba hakungoja mtu mwingine ajitolee. Alichana shuka kuukuu vipande virefu, akavifua, akavianika juu ya ua wa miti nyuma ya jiko. Mimi nilipewa jagi la maji nikae nalo barazani. Ilikuwa kazi ya heshima. Nimewamwagia maji wajomba, wakopeshaji, shehe, na mwenye lori mwenyewe, ambaye alilalamika kwamba ubani unamkaba.

"Mama," Baba aliita siku hiyo kutoka ndani, "hata mkubwa wa jeshi wa kule Mbuya akija utamfukiza?"

"Huyo ndiye wa kwanza," Haboba akajibu. "Unajua viatu vyake vimekanyaga wapi?"

Aliyekuja mara nyingi zaidi ni Mama Wafula. Alikuwa Mkenya, mumewe akifanya kazi ya reli na yeye akiuza nguo za mitumba, na mlango wao ulitazamana na wetu, ua mdogo wa udongo katikati. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa mdomo. Alimletea Baba uji, akaketi kwenye mkeka akamchokoza.

"Dereva mzima unashindwa na kona?"

"Ilikuwa kona ya upande wenu, Mama Wafula. Haina adabu."

Baba alicheka na yeye kuliko alivyocheka na sisi. Nadhani ndiyo maana Haboba alimvumilia, maana Mama Wafula aliketi barazani kwa shida, akitikisa mguu, akiuliza kama jasho la Mkenya linakauka haraka kuliko la Mnubi.

Kisha akasafiri kwenda Busia kumzika mama mkwe wake. Aliporudi aliingia ua ule na mzigo kichwani, akautua mlangoni kwake, na badala ya kuingia kwake akavuka kuja kwetu. Haboba alikuwa jikoni. Nilinyanyua jagi, Mama Wafula akanipiga kofi jepesi la shavuni na kupita. Nilipofika chumbani alikuwa ameshapiga magoti, kiganja chake kiko juu ya paji la uso la Baba.

"Mbona wewe moto hivi?" alikuwa akimwuliza.

Haboba akatokea nyuma yangu. Aliangalia pindo la gauni la Mama Wafula, lililokuwa na udongo.

"Umetoka kuzika," alisema.

"Nimetoka kuzika, Haboba. Nimeona nimsalimie kwanza."

"Umemsalimia. Sasa toka."

Haikupita siku nyingi kidonda kikaanza kunuka. Baba akatetemeka mchana wa jua kali, meno yakigongana, mablanketi yote ya nyumba yakiwa juu yake. Alipelekwa hospitali akachomwa sindano, akarudishwa na dawa. Daktari alisema wekundu ukipanda ukapita goti, mguu utakatwa. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua lori lina klachi, na klachi inakanyagwa kwa mguu wa kushoto.

Nyumbani hakuna aliyehitaji kuelezwa chanzo. Mama Wafula alikuwa ameleta upepo kutoka kaburini akauingiza kwenye kidonda. Haboba aliwaambia wake wa majirani, na wao wakawaambia wengine. Wafula, mwanawe, tuliyekuwa tukicheza naye mpira, hakuja tena uani kwetu. Mama Wafula aliketi mlangoni kwake akipanga mitumba yake kwa rangi, akiipangua, akiipanga tena. Uji haukuvuka ua.

Baadaye akaja mtu wa zahanati, Mganda kijana aitwaye Musoke, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga vidonda majumbani. Alikaa barazani, akanawa, akafukizwa bila kunung'unika. Alifungua kidonda, akakitazama kwa muda, kisha akatoa kalamu ya bluu akachora mstari juu ya ngozi ya Baba, kuzunguka mwisho wa wekundu.

"Ikivuka hapa, musingoje," alisema. Halafu akauliza, "Nani anafunga kidonda hii?"

"Mimi," Haboba akasema.

"Kabla ya kufunga unanawa?"

Haboba alimtazama kama aliyeulizwa kama anaswali.

"Kwani mimi nimetoka wapi? Mimi sitoki nje."

Ilikuwa kweli. Tangu Baba aletwe, Haboba hakuwahi kuvuka lango. Alikuwa anatoka jikoni, akichambua samaki na kuchochea mkaa; anatoka bandani, akikamata kuku; anatoka kwa mjukuu mchanga aliyechafua nguo. Lakini hizo zote zilikuwa ndani. Upepo ulikuwa wa nje, na nje ilianzia penye ngazi ya baraza. Kanuni yake ilimkagua kila mtu isipokuwa yeye, na sisi wote tuliilinda kwa uaminifu, mimi na jagi langu mbele.

Musoke hakubishana. Alisema vitambaa vichemshwe na kupigwa pasi, visianikwe uani. Vya zamani vichomwe moto. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada, ya yeyote yule. Alipoondoka, Haboba alisema kijana yule hana adabu.

"Mama, nawa tu," Baba akamwambia.

"Nimekuzaa mimi. Mikono hii ndiyo iliyokuosha kwanza."

"Najua. Nawa tu."

Hakunawa. Alishika kipande cha kitambaa akakaa nacho mapajani, machozi yakimtoka kwa hasira, na Baba akageuza uso kuelekea ukutani. Mlango ulikuwa wazi. Sauti zilikuwa zimevuka ua.

Mama Wafula akaja. Hakubisha hodi. Aliketi kwenye ngazi ya chini ya baraza, akakunja mikono, akangoja mpaka jasho likauke, na mara hii hakutikisa mguu. Kisha akaninyooshea mikono nikamwagia, hadi viwiko. Akaosha miguu. Akasimama juu ya chetezo mpaka moshi ukatokea kwenye kola ya gauni. Haboba alimtazama tu kutoka mlangoni, maana hakukuwa na kanuni iliyobaki ya kumzuia.

Halafu Mama Wafula akaninyang'anya jagi.

"Haboba, toa mikono."

"Ya nini?"

"Mimi nikikaa pale kwangu," Mama Wafula akasema, akionyesha mlango wake kwa kidevu, "nyumba yenu hii ndiyo nje."

Ndani, Baba alicheka, kisha akaugulia kwa sababu kicheko kilimtikisa mguu. Haboba alisimama. Nilidhani atamfukuza. Badala yake aliweka kitambaa begani, akatoa mikono yake myembamba, na Mama Wafula akaimwagia maji polepole, akaipaka sabuni yeye mwenyewe kati ya vidole, kama mtu anayemwogesha mtoto. Waliingia pamoja.

Tangu siku ile kila mtu alinawa, wa nje na wa ndani. Kila asubuhi tuliinama juu ya mstari wa bluu. Wekundu uliugusa, ukakaa hapo, kisha ukaanza kurudi chini. Mimi nilisomea kemia na nimeifundisha chuo kikuu, kwa hiyo sitasema ni maji peke yake. Sindano zilifanya kazi yake. Baba alirudi kwenye lori akiwa na mguu uliopinda kidogo. Haboba hakumwomba Mama Wafula radhi. Alimpelekea mikate ya gurusa chini ya kawa zuri aliloshona mwenyewe, na hakudai kawa lirudi. Lakini hadi anakufa alishikilia kwamba ulikuwa upepo wa kaburini.

Nimelifikiria hilo sana tangu Hanifa afe. Nikilipanga jambo kama ninavyopanga matokeo ya maabara, nakumbuka kitu ambacho hakuna aliyekitaja wakati ule: siku moja kabla Mama Wafula hajarudi kutoka Busia, Baba aliomba dirisha lifunguliwe kwa sababu chumba kina harufu. Na Mama Wafula alipomgusa, alimkuta tayari ana moto. Yote yalikuwa wazi mbele ya macho. Lakini Haboba alikuwa na mwana anayeoza mguu, na alihitaji mlango ambao balaa limepitia.

Hanifa alitibiwa saratani nyumbani kwetu, sehemu kubwa. Alikuwa na mpira mwembamba uliopitishwa chini ya ngozi ya kifua, wa kuingizia dawa. Muuguzi aliyetutembelea alinifundisha: nawa kwa sabuni, kausha, sugua kifuniko cha mpira kwa spiriti na ungoje kikauke, usiache plasta ilowe, ukiona wekundu, homa au kutetemeka, piga simu saa hiyo hiyo. Nilimwambia nimelelewa kwa mambo hayo. Hanifa alicheka akasema basi niweke beseni barazani, kama la Haboba, ila ubani hapana, unampa kichefuchefu. Wageni walinawa. Na mimi pia, kila mara, kwani nilikuwa nimejifunza somo la Mama Wafula.

Pamoja na hayo alitetemeka. Tulipiga simu saa hiyo hiyo. Hospitalini walisema maambukizi yameingia kwenye damu kupitia mpira, na kwamba hutokea hata pale watu wanapofanya kila kitu sawasawa. Nilisikia sentensi hiyo vizuri. Haijanisaidia kukaa.

Tangu mazishi nimekuwa nikitembea ndani ya nyumba hii nikiwapitisha wageni mmoja mmoja kichwani. Nani alishika mto. Nani aliegemea kitanda. Nimefika kwa Sauda, mdogo wake Hanifa, mwalimu wa watoto wadogo, aliyekuja akiwa na mafua na kumfunika dada yake shuka hadi shingoni. Nikafika hapo nikasimama. Simu zake sijapokea. Nilijiambia nina huzuni tu, nahitaji utulivu. Leo, nikiandika habari za pindo lenye udongo, nimeona nilichokuwa nikifanya.

Niliinua macho kutoka kwenye karatasi kwa sababu lango lililia. Alikuwa Sauda. Hakujua kama ninamwona. Alipanda baraza, akavua viatu, akainama kwenye beseni kwa mazoea, akanawa hadi viwiko. Kisha akabaki amesimama, mikono ikitiririka maji, akitazama mlango.

Nikaufungua.

"Shemeji," alisema. "Bado tunanawa?"

"Hapana. Ingia tu."

Hakuingia. "Ile siku nilikuwa na mafua. Nimekuwa nikikupigia nikuulize. Kama ni mimi, niambie wewe, nisiambiwe na watu."

"Mimi ndiye niliyefungua na kufunga ule mpira kila siku," nikamwambia. "Kama ni kuuliza, tuanze na mimi. Na mimi sijui."

"Hutajua?"

"Sitajua. Na wewe hutajua."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Akatazama mikono yangu, iliyopasuka kwenye vifundo kwa sabuni, akaishika kwa mikono yake iliyolowa, hapo hapo mlangoni. Kisha akaniacha, akabeba beseni, akaenda kumwaga maji kwenye mchaichai wa Hanifa, akalisimamisha beseni ukutani likauke.

Sasa yuko hapa jikoni, anatafuta majani ya chai mahali ambapo hayapo. Mistari hii ya mwisho nimeiandika nimekaa.