Nilianika udongo wa utafiti wa mjukuu wangu, huku kijijini Zuzu

Wakuu, marahaba wote. Wanaonizidi umri kama mmo humu, shikamooni. Shule niliishia la nne na naandika kwa kidole kimoja, ila hapa sipunguzi wala sitii chumvi.

Mjukuu wangu Nyemo anasoma kilimo chuoni. Likizo alikuja kwangu Zuzu na koleo na mifuko ya nailoni. Anatafuta minyoo ya kwenye udongo, midogo mpaka macho hayaioni. Inaingia ndani ya funza wanaokula mizizi, inawaua. Ukiipata, sumu ya dukani unaiaga.

Nikamwambia, "Mke mwenzangu, wenzio wanatafuta wachumba, wewe minyoo?"

Wiki mbili alizunguka akichota udongo mpaka Msalato, jua letu mnalijua. Mifuko akaipanga kivulini nyuma ya ghala. Jumatatu ilikuwa arudi chuo.

Jumamosi akaenda mjini. Nikachungulia mifuko, udongo una unyevu. Nikasema huyu mtoto utamwozea. Sisi huku mlenda tunaanika, kunde tunaanika, ndiyo akiba yetu.

Nikaumwaga juu ya mwamba, kila mfuko na fungu lake, lebo nikaibana na kijiwe. Ukakauka safi, nikaurudisha. Nikajisifu.

Nyemo aliporudi alikaa chini palepale.

"Bibi, umeiua yote. Minyoo hii bila unyevu haiishi, na jua hili!"

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Imebaki siku moja. Nikamuuliza, funza aliyeuawa na minyoo hiyo anakuwaje?

"Wengine wanakuwa wekundu kama tofali. Na hawanuki."

Wakuu, nilipiga kofi paja langu mwenyewe.

"Hao mbona nawaona kila nikipalilia! Kwenye zabibu zangu, kule chini maji yanakotuama. Nawatupia kuku, wanawasusa."

"Bibi! Na hukusema?"

"Kwani uliniuliza?"

Jumapili hata kanisani sikwenda, Mungu anisamehe. Tulichimba kwenye mashina tisa. Mimi kazi yangu kuonyesha kwa kidole, mifuko sikuigusa.

Chuoni akatia udongo ule kwenye makopo, na funza wazima ndani. Baada ya siku chache akanipigia simu ya video. Makopo manne, funza wamelala wekundu! Nikapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Mwalimu wake akataka kumwona aliyechagua eneo. Akaja mwenyewe, akachuchumaa kwenye zabibu zangu. Mimi nasema, mwalimu wa chuo anaandika. Wa la nne mimi!

Nilichojifunza: kazi ya mtu usiyoijua, uliza kabla hujaisaidia. Na ninyi wasomi, mkifika shambani muulizeni mwenye jembe kabla hamjachimba.

Haya, wenye mashamba, nani kaona funza wekundu ambao kuku wanawakataa? Semeni ni wapi na udongo gani. Nyemo anasoma kila jibu. Mimi nasoma polepole, msinikimbie.