Mkwe Ndani ya Sweta

Kama ulipita Tukuyu na hukulowa, basi ulipita umelala kwenye basi. Mvua ya mji ule ni kama mjumbe wa nyumba kumi, inagonga kila mlango na haingoji kukaribishwa. Ndiyo iliyomlea Uwesu. Babu yake alipanda kutoka Kilwa na marobota ya kanzu nyepesi, akakuta watu wanatafuta makoti, akafilisika kabla hajajifunza kusalimia. Mjukuu akawa na akili zaidi kidogo, akawa fundi miavuli.

Kibanda chake kiko jirani na soko. Miavuli iliyovunjika inaning'inia juu kama popo, naye yuko chini yake na koleo, uzi na sweta. Sweta lenyewe ni la sufu, la kijivu, alilofumiwa na mkewe Suad zamani hizo mapenzi yakiwa bado moto. Halivuliwi. Watu wazima wa mtaani wanaapa kwamba alifungia nalo ndoa, na Suad hajawahi kukanusha.

Kwa Uwesu, mwavuli una kazi moja tu hapa duniani, nayo ni mvua. Hilo lishike, maana ndilo lililomponza.

Mke wa mwanawe Twalib anaitwa Tusekile, binti wa Masoko, kijiji cha wilaya hiihii ya Rungwe. Msikitini siku ya kuolewa walimpa jina la Yusra, akalipokea kwa heshima, akaliacha hukohuko msikitini. Dini aliichukua, funga anafunga, lakini mkwe kwake alibaki mkwe. Bibi yake aliyemlea alimfundisha mila ya Kinyakyusa ya kale: mke hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, halitaji jina lake, na akimwona anakuja, yeye anapotea migombani. Siku hizi wengi wameiacha. Tusekile hakuiacha hata robo.

Ikabidi Uwesu ajifunze kukohoa. Kabla hajaingia nyumbani kwake mwenyewe, anakohoa, anahesabu pumzi, ndipo anaingia, na hapo anakuta chai mezani, kiti kimevutwa, na mlango wa uani bado unatikisika. Alikohoa mpaka jirani yake Meshaki akamletea dawa ya kifua na ushauri wa kwenda kupimwa.

Alimwendea sheikh. Sheikh akasema katika dini hakuna tatizo lolote, mke wa mwanao ni kama binti yako, mtasalimiana na kula pamoja. Uwesu akarudi mbio, akampa Suad ujumbe. Suad akaupeleka jikoni, akarudi na jibu: Tusekile anamshukuru sana sheikh, ila sheikh hakulelewa Masoko.

Ungedhani mtu angecheka tu, yaishe. Uwesu alicheka mchana. Lakini sauti ya mkwe wake aliijua ya ukutani tu, akimwimbia Nahla, mjukuu wa kwanza. Kisha kikohozi, kisha kimya. Yeye ndiye aliyekuwa anazima wimbo ndani ya nyumba yake. Iliuma, na iliuma zaidi Twalib alipopata kazi Mtwara na kutangaza kwamba mwisho wa mwezi wanahama, Tusekile na mimba yake ya miezi sita. Uwesu akaona wazi: wataondoka, mtoto atazaliwa huko kwenye korosho, na huyu binti hatakuwa amemwambia hata "shikamoo".

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Uwesu akainama hadi Kyela. Kule chini walikuwa wamefungua uwanja wa michezo ya watoto: bembea, treni ndogo, jumba la kurukia la kujazwa upepo, na farasi wa plastiki wanaozungushwa kwa jenereta. Akasema sikukuu ya mwezi wa Kumi atampeleka Nahla, na familia nzima itakwenda. Mpango wake halisi alimnong'oneza Suad: uwanjani hakuna jiko la kukimbilia, hakuna mlango wa uani, hakuna migomba. Atapotelea wapi?

"Unampeleka mjamzito kwenye tanuri ili upate salamu," Suad akasema.

Asubuhi ya safari, ukungu umeshuka mpaka barazani, Suad akauliza kama wabebe miavuli. Uwesu akamtazama kwa huruma. Kyela haijanyesha siku nyingi. Mwavuli wa nini? Akafunga kibanda chenye miavuli ya kutosha kuufunika msikiti, akavaa sweta, wakapanda Noah ya kukodi.

Barabara inashuka na joto linapanda. Kufika Kyela, hewa ilikuwa nzito kama uji. Kitu cha kwanza Uwesu alichokiona ni akina mama wakitembea juani, mbingu nyeupe pe, kila mmoja na mwavuli wake wazi. Akadhani wamerukwa na akili. Wa pili aliyempita alikuwa na mwavuli wenye mshono wake yeye mwenyewe, anaujua kama anavyojua sahihi yake. Ndipo jua likamgonga utosini penye upara, akaelewa kila kitu kwa pamoja. Fundi miavuli wa Rungwe nzima alikuwa amesimama juani na sweta.

Uwanja ulikuwa mpana na hauna mti hata wa dawa. Walioujenga walikata kila kilichokuwa kijani, wakapanda farasi wa plastiki. Kivuli kilikuwa kimoja tu, ukanda mwembamba nyuma ya banda la jenereta, wa kuwatosha watu wawili wanaopendana. Twalib alikwenda na Nahla kwenye foleni ya farasi. Uwesu, kwa haraka ya mtu anayeungua, akajitupa kivulini. Alipoinua macho akamwona Tusekile amesimama kule juani peke yake, mtandio umemganda shingoni, amempa mgongo.

Uwesu akaona haya. Akanyanyuka ili ampishe. Tusekile akasikia nyayo, akadhani mkwe anamfuata, akazunguka banda kwa upande wa pili. Uwesu akazunguka upande huu ili amwachie njia, wakakaribia kugongana kwenye kona, wote wawili wakageuka. Wakazunguka tena. Ackson, fundi wa jenereta, aliacha mashine yake akatazama. Watoto kwenye foleni wakaona hawa nao wanazunguka, tena bure, na mmoja akamwuliza mama yake kama na huku kunalipiwa.

"Basi," Suad akasema. "Utamzalisha hapahapa."

Na hapo Uwesu alifanya jambo ambalo Kyela wanalisimulia mpaka leo. Aliketi mwisho kabisa wa kivuli, akageukia ukuta, akakunja magoti, akavuta sweta lake juu likameza upara, masikio na uso. Sauti ikatoka ndani ya sufu: "Mwambie akae. Mimi sipo."

Suad akamwendea Tusekile, akamwonyesha. Tusekile akachungulia kwa kona ya jicho, akauliza kwa sauti ya chini yule ni nani.

"Nani?" Suad akasema. "Huo ni mzigo wetu."

Tusekile akafikiri. Mila inamkataza mkwe, mzigo haijautaja. Akaketi mwanzo wa kivuli, akanyoosha miguu iliyovimba, akashusha pumzi ndefu. Mzigo uliisikia pumzi ile ukafurahi mno. Ackson akaja kuuliza mzigo ni wa nani, hauruhusiwi karibu na jenereta. Suad akamjibu ni wao, wataubeba. Mzigo ukapiga chafya. Ackson akarudi kwenye mashine yake akaamua kutouliza tena, maana sikukuu ni sikukuu.

Suad akaenda kutafuta maji ya baridi. Jenereta lilikuwa linapuliza hewa ya moto ukutani, na upande wa pili wa ukuta ule ndipo ulipokuwa uso wa Uwesu, ndani ya sufu ya Suad, sufu isiyopitisha hata matusi. Kwanza alitokwa jasho. Kisha jasho likakatika. Akaanza kuona mvua ya Tukuyu, nzuri, ya mshazari, inamnyeshea yeye peke yake. Akalala ubavu taratibu.

Tusekile alimtazama kwa kona ya jicho, kisha kwa jicho zima. Akakohoa. Ndiyo, yeye safari hii ndiye aliyekohoa. Mzigo haukujibu. Akamwita Twalib, lakini jenereta liliimeza sauti yake. Akaangalia pande zote kumtafuta mama mkwe, hayupo. Akasogea kwa magoti, tumbo mbele, akashika sweta kwa mikono miwili akalivua kama anavyomenya ndizi, akammwagia kichwani maji yote ya chupa ya Nahla, akaanza kumpepea kwa mtandio wake.

"Tata," akasema. Kwao Masoko ndivyo mtoto anavyomwita baba yake mzazi. "Tata, amkeni. Msinifie hapa."

Uwesu aliamka. Alisikia kila neno, na lile la wingi ambalo wakwe hupewa kwa heshima, na kwikwi iliyokuwa katikati yake. Uso aliousubiri miaka yote ulikuwa shibiri moja juu ya wake, umefunuliwa, hauna pa kukimbilia, kama alivyopanga. Alichotakiwa ni kufumbua macho tu.

Hakufumbua. Aliona ni wizi. Akayakaza macho mpaka makunyanzi yakamsaliti.

Upepo wa mtandio ukatulia kidogo, kisha ukaendelea, polepole zaidi. "Najua mmeamka," Tusekile akasema. "Ndaga fijo, Tata." Ahsante sana, baba. Suad alipotokea na maji, kulikuwa na mzee amelala chali bila sweta, macho kafumba, anatabasamu kama mlevi, na binti mita chache mbele amegeukia farasi wa plastiki. Suad alidai aelezwe. Hajaelezwa mpaka leo, na hilo linamkera kuliko sweta lililosahaulika uwanjani.

Nyumbani mambo yakarudi palepale. Uwesu alikohoa, mlango wa uani ukatikisika. Tofauti ilikuwa moja: wimbo haukukatika tena alipokohoa. Ulihamia uani tu, ukaendelea.

Siku ya kuhama, Tukuyu ilinyesha kama kawaida yake. Gari lilisimama barabarani, na kutoka mlangoni mpaka pale ilibidi mtu amkinge mjamzito. Twalib alikuwa anapanga magodoro, Suad amembeba Nahla. Uwesu akachukua mwavuli wake bora, mweusi, aliouvisha kitambaa kipya kwa mkono wake. Akaunyoosha mbele, ameushusha chini mpaka ukawa pazia kati yao, yeye akinyeshewa kwa nyuma. Aliona miguu tu, viatu vya mpira, vinatembea polepole pembeni yake. Akayakaza tena macho asije akaiba.

Katikati ya njia viatu vikasimama.

"Tata," sauti ikasema upande wa pili, "mwavuli wenu unavuja."

Unavuja! Mtu anaweza kumtukana fundi mila, akamtukana upara, akamtukana hata Kilwa kwao. Lakini mshono! Uwesu akafumbua macho, akaunyanyua mwavuli juu kwa hasira ya kazi, akaukagua chuma kwa chuma, mshono kwa mshono, akitafuta tundu.

Hakukuwa na tundu. Alipoteremsha macho, Tusekile alikuwa chini ya mwavuli uleule, anamtazama usoni, anacheka.