Siku Niliyompa Mkwe Mbuzi wa Daktari

Jamani, hili nimelificha miaka mingi, na hata sasa nikilisimulia masikio yanapata moto, lakini kwa kuwa mmenibana, basi nitasema.

Enzi za Mwingereza nilikuwa mhudumu wa maabara moja pale Arusha mjini, kazi yangu kulisha mbuzi na kufagia zizi (kijijini nilijiita msaidizi wa daktari). Bwana Daktari, Mzungu mpole asiyecheka, alimlaza mbuzi mmoja kwa dawa, akampasua ubavuni, akaubana mshipa unaopeleka damu kwenye figo la kushoto huku amelizungushia barafu, kisha akauachia na kumshona. Alitaka kujua kama baridi hulilinda figo lisife damu inapokosa kupita. Baada ya wiki mbili angemchinja alitazame.

Ilibaki siku moja tu, akatokea Mzee Kaanaeli wa Nkoaranga, baba yake Eliamani, binti niliyekuwa nikimposa. Alikuwa na shughuli zake mjini, akaona apite kunijulia hali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hawa mbuzi ni wa nani?"

Hapo ndipo ulimi uliponiponza. Ningesema ni wa Bwana, ningekufa? Nikajibu, "Wangu, baba, nawafuga hapa hapa." Mzee akawapapasa migongo mmoja mmoja, akafika kwa yule mwenye kovu, akasema aliyepona jeraha kama hili ni mbuzi kweli, atamchukua leo leo awe wa kwanza wa mahari. Sasa mkwe ameshamshika mbuzi pembe, wewe utamwambia amwachie? Nilimfunga kamba mwenyewe, nikijidanganya kuwa kesho nitamfuata nimbadilishie.

Alfajiri nikachukua baiskeli ya maabara bila kuomba, nikakanyaga mpaka mapaja yakawaka, na kule mlimani nikaisukuma kati ya kahawa na migomba, maana Bwana alitaka mbuzi wake saa nane. Nikasikia wazee wanacheka nyuma ya nyumba. Kufika, ngozi imeshawambwa, na mafigo, kama kawaida, ndiyo yaliyotangulia makaani.

Nikapiga kelele bila hata salamu, "Figo la kushoto liko wapi?"

Ndugu yake Mzee Kaanaeli akaacha kutafuna. "La kushoto ndilo lipi? Nimekula yote mawili."

Nikaeleza yote pale pale, barafu, mshipa, na mbuzi kuwa si wangu. Mzee mmoja akakimbilia migombani kujitia kidole kooni, mwingine akaniuliza watakufa lini. Eliamani alitoka jikoni, akanitazama mara moja, akarudi ndani.

Mzee Kaanaeli hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alimtoa mbuzi wake aliyemnenepesha ndani ya nyumba, tukateremka mjini, yeye mbele, nduguye nyuma yake, mimi mwisho na baiskeli, kila tunayepishana naye anauliza kuna nini (na kila mara mzee anamweleza, bila kuruka kitu).

"Bwana, tumekula mbuzi wako," akamwambia Daktari. "Huyu ni wa kulipa."

Daktari akawa mwekundu, nikaanza kutafuta mlango kwa macho, mara akachukua karatasi. Akauliza nani aliyekula mafigo, na yule ndugu aliposogea akamuuliza, "Yalikuwaje?"

"Sawasawa, Bwana. Laini yote. Hakuna lililozidi mwenzake."

Akaandika. Kisha akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa zizi, nikabaki na ufagio tu.

Nilidhani nimepona. Nje Mzee Kaanaeli akasema, "Mbuzi nimemlipa mimi. Kwangu usirudi tena."

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kitu ni cha nani, hata kama ni kofia niliyoivaa, nafikiri kwanza. Eliamani aliolewa kijiji cha Kikwe, kule bondeni. Niliwaona mbuzi wa mahari yake wakipandishwa mlimani, wawili, wamekonda mbavu nje, na kijana aliyewaswaga hakuogopa kuulizwa ni wa nani.