Jaribio la Luciana Halirukwi

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Utemini. Mashine ya fotokopi inanguruma, mteja anasubiri vyeti vyake mlangoni, na Swaumu Abdulmajidi amekodolea macho mstari mmoja mwekundu kwenye kompyuta. Mingine yote ni ya kijani.

"Huu ndio unaonitesa tangu jana," anasema, chai yake ikipoa pembeni.

Swaumu, 29, anaishi kwa stesheneri yake. Lakini moyo wake uko kwenye Siku ya Sindano, programu ya simu inayowakumbusha akina mama tarehe za chanjo za watoto. Ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuichukua bure na kuirekebisha. Yeye na mwenzake Urbano, aliyeko Mwanza, wanaitunza bila malipo.

Kabla ya kuachia toleo jipya, wanaipitisha kwenye majaribio. Kila jaribio ni kisa kidogo: mama kahama kijiji, kadi imepotea. Programu ikishindwa, mstari unakuwa mwekundu. Swaumu huyaita majaribio kwa majina ya watu waliokutwa na visa hivyo. Lililogoma leo linaitwa Luciana.

Luciana ni mkulima wa alizeti kijijini Mtinko. Alipojifungua mapacha wa kike, majirani walisema hao ni Kulwa na Doto kama mapacha wengine, yameisha. Babu yao akakataa. Alitaka majina ya kwao, naye alikuwa safarini. Kliniki ikawaandika wote "mtoto wa Luciana". Majina yalikuja baadaye, lakini kwenye programu walibaki hivyo hivyo.

Programu ikaona mama mmoja, tarehe moja, jinsia moja. Ikawafanya mtoto mmoja, ikatuma ujumbe mmoja.

"Nikadhani wa pili ana siku yake," Luciana anakumbuka. "Nikamwacha nyumbani." Mtoto huyo alichelewa kuchanjwa.

Swaumu alirekebisha kosa, akaandika jaribio ili lisirudi. Sasa limerudi. Juzi Urbano aliongeza kipengele cha kufuta watoto walioandikwa mara mbili baada ya kadi kupotea, na kwenye jaribio pacha mmoja akafutwa pia.

Simu inalia. Ni sista Dina, muuguzi anayewaandikisha watoto kwenye programu.

"Shikamoo sista."

"Marahaba. Kesho naenda kuchanja watoto Mtinko kwa huduma ya mkoba, na programu ya zamani inakwama kwenye simu yangu. Mpya iko wapi?"

"Jaribio moja limegoma."

"Moja tu? Mwanangu, mimi nimeshapanga chanjo kwenye boksi la barafu, unaniambia habari za moja?"

Urbano naye anapiga. "Dada, liruke hilo kwa leo. Kwani mapacha wako wangapi, bwana?"

"Nikiliruka, nimemruka Luciana. Wewe uko Mwanza. Mimi nakutana naye sokoni."

"Basi usiende sokoni!"

Swaumu hacheki. Anampigia tena Dina. "Sista, wewe unajuaje kama ni mtoto mmoja kaandikwa mara mbili, au ni mapacha?"

Dina anaangua kicheko. "Si namuuliza mama yao!"

Swaumu anaiweka simu mezani taratibu. Kumbe wamekuwa wakiifundisha programu kukisia, badala ya kuifundisha kuuliza.

Anaanza kuandika. Programu ikikuta watoto wanaofanana, isifute. Imwonyeshe muuguzi swali: ni mtoto mmoja au wawili? Mstari wa Luciana unageuka kijani, lakini wa kadi iliyopotea unageuka mwekundu. Anaguna, anatoa nakala za mteja mwingine, anarudi kwenye kiti.

Alasiri, baada ya jaribio la kadi nalo kupewa jibu la muuguzi, mistari yote ni ya kijani. Anaipitisha programu upya, asije akawa amejidanganya. Kijani. Anaachia toleo. Urbano anatuma neno moja: "Nimekoma."

Dina anaiweka kwenye simu yake. Swali kuhusu watoto wa Luciana linatokea; anampigia mama yao, kisha anajibu: wawili.

Jioni, Luciana anasikika kwa simu kutoka Mtinko, mapacha wakilia nyuma yake. "Simu imelia mara mbili," anasema. "Mara mbili! Kesho nawabeba wote, mmoja mgongoni, mwingine kifuani."

Swaumu sasa ana mpango wa kufungua darasa la Jumamosi hapo hapo dukani, kwa wasichana wanaosoma masomo ya jioni. Benchi ameshaliagiza kwa fundi. Hatawaanzisha kwa kuandika programu, anasema. Wataanza na majaribio.

"Kila mmoja aje na kisa cha mtu anayemfahamu," anasema, akifuta vumbi la kompyuta kwa pembe ya mtandio. "Mtu ambaye kesho atakutana naye sokoni."